Video ya Hatua Tisini na Nne

Nyie mnaotuma video siku hizi kwa kidole kimoja huku mnatafuna chipsi, msijifanye mlizaliwa hivyo. Mwaka 2013 video ilitumwa kwa jasho. Ulikuwa unabonyeza, kiduara kinaanza kuzunguka, namba zinapanda, kumi, ishirini na saba, hamsini, unaita watu waje waone, halafu inasimama. Inasimama tu, kama mbuzi aliyegoma njiani. Unaitikisa simu, unainyanyua juu, unatoka nayo nje barabarani, wapi! Kiduara kinakuzungukia tu.

Vénérand Nshimirimana aliyajua mateso hayo kuliko mtu yeyote wa Umbilo Road. Video yake ilikwama tangu Jumatatu mpaka Alhamisi, na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wazee wa kilima chao, huko Makamba kusini mwa Burundi, walikuwa wanakaa kuamua kaburi la mama yake liko upande wa nani.

Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini, mrefu, mkavu, mwenye miguu mirefu iliyomfanya aonekane anaondoka hata akiwa amesimama. Kazi yake ilikuwa kulinda magari kwenye maegesho ya duka moja kubwa pale Umbilo, kizibao cha njano mgongoni, mkono mmoja ukielekeza watu warudi nyuma, warudi, warudi, hapo hapo. Alitoka kwao mwaka wa sabini na mbili akiwa na miaka tisa, siku watu walipokimbia mauaji, akakulia makambini Tanzania, akaoa huko, akafiwa na mke huko, akashuka kusini mpaka Durban. Kwao hakurudi tena. Karatasi yake ya ukimbizi ilimruhusu kuishi, haikumruhusu kwenda kusalimia nyumbani na kurudi.

Dada yake Spès ndiye aliyerudi. Mwaka 2008 alipanda lori la wakimbizi na vyungu vyake, akafika kilimani, akakuta nyumba ya baba yao haipo. Lilibaki jiwe la mlangoni tu, lile bapa la kukanyagia kabla hujaingia ndani. Akajenga kibanda kando yake. Tatizo lilikuwa jirani, Athanase, ambaye baba yake alibaki wakati wengine wanakimbia, akalima pote. Athanase hakuwa mtu mbaya, Spès mwenyewe alikiri. Alizaliwa akakuta baba yake analima, naye akalima. Lakini alisema mpaka uko hatua ishirini na tano kutoka jiwe la mlangoni. Kaburi la mama lilikuwa mbele kidogo ya hapo, ndani ya migomba yake, na mwaka huo alitaka kupalima.

"Kaka," Spès alisema kwa simu, "mimi nilikuwa na miaka mitano. Sijui kitu. Wewe ndiye baba alikutembeza."

Ni kweli alitembezwa. Katika ukoo wao mtoto mkubwa wa kiume alishikwa mkono akatembezwa mpaka wa shamba, akaonyeshwa mahali pa siri palipofukiwa alama, ili siku baba hayupo awepo wa kusema. Baba alikuwa amekufa kambini zamani. Kwa hiyo chini ya jua alibaki mtu mmoja tu anayejua, na mtu huyo alikuwa anaelekeza magari Durban.

Bashingantahe, wale wazee wa haki, walikubali kumsikiliza kwa video. Kupiga simu tu walikataa. Simu anaweza kupiga yeyote, walisema, sisi tunataka tumwone uso shahidi. Dominiki, mwalimu wa kilimani aliyekuwa na simu ya maana, angeipokea na kuwaonyesha. Sharti lao lilikuwa moja, lile lile la siku zote: shahidi aseme tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukatwa. Anayekatiza maneno na kuyaunga upya huambiwa akae chini, na hasikilizwi tena.

Basi Jumapili baada ya ibada Vénérand alikwenda kwenye uwanja wa mpira, yeye na Machano. Machano alikuwa Mpemba, mlinzi mwenzake wa magari, mnene, mcheshi, mtu asiyeweza kukaa dakika mbili bila kumchokoza mtu. Vénérand alimkabidhi simu yake, akavaa shati jeupe, akasimama kwenye mlingoti wa goli.

"Hapa," alisema, akaugusa, "ndipo jiwe la mlango wetu."

Akaanza kuhesabu hatua.

Ningependa mngemwona. Huyu mtu ambaye maegeshoni alisema maneno kumi kwa siku, alifunguka. Hatua ya sita akasema hapa kulikuwa na kinu, na asubuhi ulikuwa unaamshwa na mchi, si na jogoo. Hatua ya kumi na tano akasema hapa maharage yalichemka kwenye chungu tangu alfajiri, na sisi watoto tulikuwa tunapita makusudi ili tunuse. Hatua ya thelathini mbwa alikuwa analala, mbwa asiye na jina, kila mtu alimwita mbwa. Alihesabu kwa Kirundi, akaeleza kwa Kirundi, na Machano asiyejua neno hata moja alishika simu bila kutikisika akiwa ameduwaa.

Hatua ya hamsini alisimama. Alieleza jinsi mama alivyokufa kwa uzazi mwaka mmoja kabla hawajakimbia, na jinsi mwaka huo huo jiwe lake la kusagia lilivyopasuka katikati. Baba hakulitupa. Nusu moja aliilaza kichwani pa kaburi. Nusu ya pili aliifukia kwenye pembe ya shamba, upande wa chemchemi, na ndiyo ikawa alama ya mpaka.

"Baba alinishika mkono kutoka mlangoni, nina miaka tisa," alisema, macho kwenye kamera. "Nikamwuliza, nihesabu hatua zako? Akasema hapana, hesabu zako mwenyewe, zangu nitaondoka nazo. Nikahesabu tisini na nne."

Akaendelea kutembea, akapita duara la kati la uwanja, akaenda, akaenda, mpaka karibu na boksi la goli la pili. Akasimama. "Hapa. Chimbeni hapa."

Video ilikuwa ya dakika ishirini na mbili.

"Bwana we," Machano alisema akimrudishia simu, "kumbe kwenu mna shamba la uwanja mzima wa mpira, na miye nakuona hapa kila siku unakimbizana na magari ya watu."

Vénérand alicheka. Alijisikia vizuri siku hiyo, niseme ukweli. Alitembea mpaka nyumbani bila kuhisi miguu.

Jumatatu ndipo shida ilipoanza. Alibonyeza kutuma akiwa kazini. Ikafika asilimia nne, ikasimama. Jioni ilikuwa bado nne. Akaipeleka kwa Ghislaine.

Ghislaine alikuwa Mkongomani wa Bukavu, miaka thelathini na kitu, mwenye meza ya simu mlangoni mwa saluni ya akina mama pale pale Umbilo Road. Nyuma yake wanawake walisukwa tangu asubuhi, mbele yake simu zilizovunjika vioo zilipanga foleni, na juu ya kabati kulikuwa na kisanduku cha wifi chenye taa tatu ambacho mtaa mzima ulikuja kukinyonya. Leo ile saluni ni duka la matairi. Nikipita pale bado nasikia harufu ya mafuta ya nywele, na najua ni kichwa changu tu.

Kama daktari, alimsikiliza mgonjwa kabla ya kumgusa. "Papa Vénérand, imekwama ku ngapi?"

"Nne."

"Bon. Ikikwama mwanzo, ni reseau, mtandao. Ikikwama katikati, ni simu inalala. Ikikwama mwisho kabisa, hapo sasa iko matatizo. Uombe isifike mwisho."

Akamwunganisha na wifi ya saluni. Jumanne video ilipanda vizuri mpaka arobaini na moja, ikasimama. Ghislaine akaangalia kioo cheusi cha simu, akaguna. "Si nilikuambia? Inalala. Kioo kikizimika, na yenyewe inaacha kazi. Inafanana na bwana yangu."

Wanawake wa nyuma wakacheka. Alibadilisha mpangilio kioo kisizimike, akafuta takataka zilizojazana ndani ya app, akairekebisha saa ya simu iliyokuwa nyuma kwa siku mbili, akaizima na kuiwasha. Jumatano Vénérand aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa tatu, akikigusa kioo kila baada ya muda kidogo ili simu isipate usingizi. Saa sita ilikuwa sitini. Saa nane ilikuwa themanini na nane. Machano alikuja na chakula akakuta saluni nzima inahesabu. Tisini na tano. Tisini na nane. Tisini na tisa.

Hapo ikakaa. Saa moja ikakaa. Vénérand hakugusa chakula.

"Sasa nisikilize," Ghislaine alisema, na safari hii hakutania. "Tisini na tisa ni app yenyewe inakataa. Video iko nzito, giga moja na nusu, inafika mlangoni wanaikatalia kuingia. Tuikate. Tuondoe mambo ya kinu, ya maharage, ya mbwa. Tubakishe hatua na jiwe. Dakika tatu."

"Haikatwi."

"Papa..."

"Haikatwi, dada Ghislaine. Wazee wakiona mahali pameungwa watasema nimeficha kitu. Wataniambia nikae chini na nimekaa huku huku. Mama atabaki kwenye migomba ya mtu."

Ghislaine alimtazama. Kwao Bukavu nako wazee wa ardhi walikuwepo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Eish," alisema. "Basi tutaipunguza uzito bila kuikata. Picha itakuwa mbaya, sauti itabaki. Kesho uje mapema, nitaleta kompyuta ya kaka yangu."

Niwaambie kitu kuhusu siku hizo nne. Kwa kuwa video ilikwama, Vénérand aliiangalia. Aliiangalia akiwa kwenye kiti cha plastiki, aliiangalia maegeshoni kati ya gari na gari, aliiangalia akila. Alikuwa amebeba mahali pale kichwani miaka arobaini na moja bila kuwaonyesha watu, na sasa palikuwa nje, mkononi, pana, penye nafasi ya kila kitu. Alifurahi hata kwa kukwama kwake, japo asingekubali kusema hivyo mbele ya Ghislaine. Akifunga macho alisikia sauti ya mama akiita kutoka chemchemini, sauti ya mbali kabisa, na yeye mtoto akikimbia na kukimbia mpaka anachoka kabla hajafika.

Alhamisi saa nne kompyuta ilikuwa imemaliza. Video ilikuwa ile ile, dakika zote ishirini na mbili, ila sasa Vénérand alionekana kama amepigwa picha nyuma ya pazia. Ghislaine akairudisha kwenye simu, akabonyeza kutuma. Ikaondoka vizuri. Kumi na mbili. Thelathini. Hamsini na tano. Hakuna kukwama. Ghislaine akakunja mikono kifuani kwa maringo.

Wakati huo akaingia mwanamke aliyekuja kusukwa, ameongozana na binti yake, Deborah, mwenye sare ya shule na miaka tisa hivi. Mama alikaa kiti cha mbele. Binti aliambiwa aende kukaa kule mwisho, kioo cha mwisho kabisa, atulie. Naye akaenda kitoto, akijihesabia hatua kwa sauti njia nzima.

Alifika kumi na tano.

Vénérand alikuwa ameivuka saluni ile mara nyingi wiki hiyo, akienda kunywa maji kwenye bomba la kule mwisho. Aliinuka taratibu. Alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kioo, akihesabu kimoyomoyo. Tisa.

Akarudi mlangoni, akatembea tena. Tisa.

"Mtoto," alimwuliza Deborah, "una miaka mingapi?"

"Tisa," mtoto alisema.

Hesabu zako mwenyewe, zangu nitaondoka nazo. Alikuwa amelisema neno hilo kwenye video kwa kinywa chake, akaliangalia siku nne mfululizo, na hakulisikia. Alihesabu hatua za mtoto wa miaka tisa kwa miguu ya mzee wa miaka hamsini.

Akaazima simu ya Ghislaine, akampigia Spès pale pale. "Kutoka jiwe la mlangoni mpaka nyumba ya Athanase, upande wa chemchemi, hatua ngapi? Nenda sasa hivi uhesabu."

Akasikia pumzi zake akitembea. "Themanini," Spès alisema. "Themanini zinaishia kwenye ukuta wake. Kwa nini?"

Tisini na nne zake za uwanjani zilikuwa zinaingia mpaka ndani. Alikuwa anakwenda kuapa mbele ya wazee kwamba mtu amejenga nyumba kwenye shamba lao, wachimbe sebuleni kwake, na wangechimba wasikute kitu. Wangesema shahidi wa Durban ni mwongo. Na kaburi lingekwenda.

"Dada Ghislaine," alisema, "isimamishe."

"Nisimamishe nini? Iko themanini na tatu!"

"Isimamishe, nimesema uongo. Hatua zangu zinaingia nyumbani kwa mtu."

Ghislaine alibonyeza. App haikusikia. Siku nne wameibembeleza iende haikwenda, leo wanaibembeleza isimame haisimami. Themanini na saba. Alibonyeza tena, kioo kikaganda, namba zikaendelea kupanda zenyewe. Tisini na moja. Vénérand alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Ghislaine alipanda kiti, akakifikia kile kisanduku cha wifi juu ya kabati, akaung'oa waya ukutani pamoja na kipande cha plasta.

Taa tatu zikazimika. Wanawake wote saluni wakalalamika kwa mkupuo, maana kila mmoja alikuwa na lake kwenye simu.

"Mukae kimya," Ghislaine aliwaambia kutoka juu ya kiti, waya mkononi. "Kuna mtu alikuwa anataka kuingia nyumba ya mwenzake."

Simu ilisimama kwenye tisini na sita. Akaufuta utumaji ule kabla hajarudisha waya.

Vénérand alirudi kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa na haya, haya ya mtu mzima, ile inayokaa shingoni. Machano, aliyefika kumtafuta, alielezwa yote, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakumtania. Alisema tu, "Sasa si useme tena? Una ulimi, una siku mbili."

Ijumaa asubuhi alisimama mlangoni mwa saluni na shati lile lile jeupe. Ghislaine alishika simu. Hakutembea. Alisema jina lake na la baba yake, na kwamba yeye ni mtoto wa kwanza. Akasema: "Mtafuteni mtoto wa miaka tisa. Mmweke kwenye jiwe la mlango wetu, aelekee chemchemi, atembee kitoto, hatua tisini na nne. Anaposimama, chimbeni kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mtakuta nusu ya jiwe la kusagia la mama yangu. Nusu nyingine iko kichwani pa kaburi lake. Zikikataa kuungana, mimi ni mwongo, nifukuzeni." Sekunde hamsini, bila kukata.

Ghislaine alibonyeza. Kiduara kikazunguka mara moja tu. Imefika.

"Hivyo tu?" Vénérand aliuliza.

"Hivyo tu, papa. Wiki nzima ulikuwa unabeba mzigo usio wako."

Jumamosi alikuwa zamu maegeshoni, simu yake ameiacha kwa Ghislaine kwenye wifi, na sijui magari yalirudije nyuma salama siku ile. Saa sita na nusu Ghislaine alimtuma mtu kumwita. Dominiki alikuwa ametuma video, nayo, kama kawaida ya siku zile, ilikuwa imekwama ikishuka, thelathini na moja. Walikaa kuisubiri, Vénérand na kizibao chake cha njano, Machano, Ghislaine, mama aliyekuwa na nusu ya kichwa kilichosukwa. Ghislaine alikigusa kioo kila mara kisilale.

Ikafunguka.

Udongo mwekundu, migomba, miguu ya wazee na fimbo zao. Mjukuu wa Spès, binti mdogo mwenye sketi ya shule, amesimama juu ya jiwe bapa. Akaanza. Rimwe, kabiri, gatatu. Vénérand akahesabu naye, midomo ikichezacheza. Hatua ya hamsini mtoto alipita kando ya kaburi, na mkono wa Spès ukaonekana ukiligusa jiwe la kichwani. Tisini na nne, mtoto akasimama kwenye majani matupu, mbali kabisa na ukuta wa Athanase. Athanase mwenyewe aliomba jembe. Alichimba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na ya tano jembe likalia.

Spès alikwenda kuichukua ile nusu ya kaburini, akaibeba kama mtoto. Wakazisogeza. Ukingo ukaingia kwenye ukingo, bila hata nafasi ya kupitisha ukucha. Mzee mmoja aliinamia simu, uso wake ukajaa kioo chote, akasema kwa Kirundi, pole pole: "Mwana wa Nshimirimana, tumekusikia."

Saluni ilipiga makofi. Ghislaine alijifuta macho kwa taulo ya wateja. Machano alimpiga Vénérand mgongoni mpaka kizibao kikapinda, naye Vénérand alikuwa analia wazi wazi, hakujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Na mara ya tatu Ghislaine aligundua kwamba haliangalii jiwe tena. Alikuwa anaisimamisha pale mwanzo, kabla mtoto hajaanza kutembea. Dominiki alikuwa amesimama nyuma ya jiwe la mlangoni, na bila kusogea hata unyayo, kila kitu kilikuwa kimeenea kwenye kioo: jiwe, kaburi, pembe ya shamba, na mtu akichota maji chemchemini, karibu tu, mtu ambaye ungemwita kwa sauti ya kawaida akageuka.

"Ndiyo kwetu hapo?" aliuliza. "Pote ni hapo?"

Alifurahi kwa ajili ya Spès, alifurahi mpaka mwisho, na moyo ulimuuma, yote mawili kwa pamoja. Miaka arobaini na moja alikuwa na mahali ambapo mtoto alikimbia akachoka kabla hajamfikia mama yake.

Simu ikalia kidogo. Ghislaine akasoma. "Imejaa, papa. Hii ya leo haina pa kukaa. Nifute ile nzito ya kiwanja? Iko ya makosa, na wazee hawaitaki tena."

Vénérand aliichukua simu mkononi mwake. "Usiifute."

"Utaifanyia nini?"

"Hapo pa leo ni pa Spès, na ndipo penyewe," alisema. "Lakini mimi nilikulia kwenye ile nyingine."

Ghislaine alitikisa kichwa. Alifungua droo, akatafuta katikati ya betri kuukuu, akatoa memory card, akaipuliza vumbi, akaihamishia humo ile video ya uwanjani, dakika ishirini na mbili, kinu, maharage, na mbwa asiye na jina, bila kukata hata moja.